Linki umeihifadhi, sasa iko wapi? Chrome, Firefox, Telegram na Raindrop mbele ya mteja mwenye haraka

Ukitaka kujua kama mpangilio wa linki unafanya kazi, kakae saa moja kwenye steshenari iliyo jirani na chuo au ofisi ya wilaya. Mteja wa kwanza anataka kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA. Wa pili anataka namba ya mlipakodi. Wa tatu ameona tangazo la kazi na anataka kuingia Ajira Portal kabla dirisha halijafungwa. Wa nne ana fomu ya mkopo wa HESLB, na wa tano anataka kuangalia kama gari lake linadaiwa faini ya barabarani. Kwenye saiba za Nairobi na Mombasa majina tu ndiyo yanabadilika: eCitizen, iTax, HELB, KUCCPS, NTSA. Anayehudumia linki zote hizo anazo. Kinachomtofautisha na mwenzake wa duka la pili ni muda anaotumia kuifikia moja, huku foleni ikimwangalia.

Nimeamua kulinganisha njia za kutunza linki, yaani vivinjari vya Chrome na Firefox, programu ya Telegram na huduma ya kutunza linki iitwayo Raindrop, kwa kipimo hicho kimoja. Makala nyingi za aina hii husifia urahisi wa kuhifadhi, lakini kuhifadhi hakujawahi kumshinda mtu. Unabonyeza nyota, basi. Kazi ni siku unapoirudia linki ukiwa umekumbuka neno moja tu kati ya matano.

Kuna wanaosema hakuna haja ya kuhifadhi chochote, Google ipo. Kwa mambo ya kusoma tu, sawa. Kwa tovuti zinazoomba namba ya kitambulisho, nywila na malipo, mimi sikubali. Juu ya matokeo ya Google mara nyingi hukaa tangazo la kulipiwa, na matapeli wanajua kutengeneza ukurasa unaofanana na wa serikali ukiwa na herufi moja tofauti kwenye anwani. Linki uliyoihakiki mara moja na kuialamisha, yaani kuiweka kwenye alamisho (bookmarks) za kivinjari, haikosei herufi. Hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuwa na alamisho hata kama una linki kumi tu.

Kivinjari kinatafuta wapi hasa

Kabla ya kuchagua chombo, fahamu jambo ambalo watu wengi hawaliangalii. Unapotafuta ndani ya alamisho zako kwenye Chrome, Edge, Firefox au Safari, kivinjari hakisomi yaliyomo ndani ya ukurasa. Kinaangalia jina la alamisho na anwani yake. Firefox huongeza lebo (tags, yaani maneno unayoibandika alamisho ili kuiainisha), kama umeziweka. Kama ukurasa unazungumzia hati ya kiwanja lakini jina lake ni "Home", ukiandika "kiwanja" hutapata kitu.

Na majina ya kurasa zetu za huduma ni balaa. Fungua chache uone: "Login", "Welcome", "Home", "Portal". Ukizihifadhi kama zilivyo, baada ya mwezi una alamisho sita zinazoitwa "Login". Watu hulaumu kivinjari, kumbe kivinjari kinafanya kilichoagizwa.

Kwa hiyo dakika moja ya kubadili jina ina faida kuliko kuhamia programu mpya. Andika maneno ambayo mteja, au wewe mwenyewe ukiwa na haraka, utayatamka: "TIN namba ya mlipakodi TRA", "Cheti cha kuzaliwa RITA uhakiki", "Faini ya gari trafiki deni". Weka jina rasmi, kifupi chake na neno la mtaani pamoja. Jina likiwa refu halimdhuru mtu, kwa sababu hulisomi, unalitafuta.

Hapa kuna mtego kwa wanaopenda upau safi, ule mstari wa alamisho ulio chini ya sehemu ya anwani. Wapo wanaofuta majina yote kwenye upau wa alamisho ili zibaki ikoni tu, na hivyo zinaenea nyingi zaidi. Inapendeza machoni. Lakini tovuti nyingi za serikali zinatumia nembo ileile ya taifa, hivyo unabaki na nembo nane zilizojipanga mstari usijue ipi ni ya nani. Juu ya hayo, ukifuta jina umeondoa kitu kikuu ambacho utafutaji unakitegemea.

Jambo lingine la kuangalia unapohifadhi ni ukurasa upi hasa unaouhifadhi. Ukiwa umeshaingia ndani ya akaunti, anwani unayoiona juu mara nyingi ina misimbo ya muda tu. Ukiialamisha hiyo, kesho itakupa kosa au itakurudisha kusikojulikana. Toka kwanza, nenda ukurasa wa mwanzo wa huduma, ndipo ubonyeze nyota.

Chrome: tayari ipo, na inatosha kwa wengi

Chrome ina faida moja ambayo hakuna anayeweza kushindana nayo: imeshawekwa kwenye simu nyingi za Android, na akaunti ya Google mtu anayo tayari. Unaialamisha linki kwenye kompyuta kwa Ctrl+D, na ukiwasha usawazishaji unaikuta kwenye simu ukiwa kwenye daladala. Kwa mtu anayefanya kazi pande zote mbili, hilo ni kubwa.

Kutafuta, watu wengi wanajua njia ndefu: vitone vitatu, alamisho, kidhibiti, kisha unaandika. Ctrl+Shift+O inakufikisha hapohapo kwa mara moja. Lakini njia ya haraka zaidi iko kwenye sehemu ya anwani yenyewe. Bonyeza Ctrl+L ili kishale kiende juu, andika alama ya @, na orodha itashuka: alamisho, historia, vichupo (tabs). Chagua alamisho (kwa kivinjari cha Kiingereza ni @bookmarks, kisha Tab), halafu andika neno lako. Sasa Chrome haikuletei mapendekezo ya Google wala mambo ya jana. Inakuletea alamisho zako peke yake. Kipengele hiki kilikuja mwishoni mwa mwaka 2022, na bado nakutana na watu wanaotumia Chrome kutwa nzima hawajawahi kukigusa.

Chrome inapungukiwa wapi? Haina lebo. Linki moja inakaa kwenye folda moja, basi. Fomu ya mkopo iwe kwenye folda ya "Wanafunzi" au ya "Serikali"? Ukichagua moja, siku nyingine utaitafuta kwenye ile nyingine. Dawa ni ileile ya jina: acha kutegemea folda, tegemea maneno. Pia, ukiandika neno tupu kwenye sehemu ya anwani bila @ na kubonyeza Enter kwa pupa, Chrome huwa mwepesi wa kukupeleka Google badala ya kwenye alamisho. Mtu mwenye foleni mbele yake anaona tofauti hiyo mara kumi kwa siku.

Kwenye simu, ile njia ya @ niliyoieleza ni ya kompyuta. Simuni unafungua vitone vitatu, Alamisho, kisha kioo cha kutafutia. Kama kuna linki tatu au nne unazozitumia kila siku, usizitafute kabisa: fungua ukurasa, vitone vitatu, "Ongeza kwenye Skrini ya kwanza", na itakaa pale pamoja na programu zako nyingine. Kwa makala ya kusoma baadaye kuna orodha ya kusoma, ambayo kwenye Android huhifadhi ukurasa ili uusome hata bando likiisha.

Firefox: ya anayeandika kuliko kubofya

Hapa nakiri nina upendeleo. Kwa kompyuta ya mezani inayotumika kutwa kufungua tovuti zilezile, Firefox inaishinda Chrome, na sababu kubwa ni kitu kinachoitwa neno la mkato.

Kinafanya kazi hivi. Fungua maktaba ya alamisho kwa Ctrl+Shift+O, chagua alamisho, na chini utaona kisanduku cha neno la mkato, ambacho kwa Kiingereza kimeandikwa Keyword. Andika neno moja lisilo na nafasi, mfano tin. Kuanzia hapo, ukienda sehemu ya anwani, ukaandika tin na kubonyeza Enter, ukurasa unafunguka. Huchagui kwenye orodha na huendi Google. Rita, ajira, mkopo, faini: kila huduma na neno lake. Mfanyakazi mpya unampa karatasi yenye maneno kumi na tano iliyobandikwa pembeni ya skrini, na asubuhi hiyohiyo anahudumia.

Linganisha kazi moja pande zote mbili. Mteja amesema "nataka TIN". Kwenye Chrome: Ctrl+L, @, chagua alamisho, andika tin, shuka kwa mshale, Enter. Kwenye Firefox: Ctrl+L, tin, Enter. Tofauti ni sekunde chache, na kwa mtu anayeirudia mara mbili kwa wiki haina maana yoyote. Kwa anayeirudia mara themanini kwa siku, ina maana.

Neno la mkato linaweza kubeba hata utafutaji. Tengeneza alamisho yenye anwani sw.wikipedia.org/wiki/%s na uipe neno wiki. Ukiandika "wiki Kilwa", Firefox inaweka Kilwa mahali pa zile alama mbili na kukufungulia ukurasa wa Kilwa kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Chrome nayo ina kitu cha namna hii kwenye mipangilio yake ya injini za utafutaji, ila huko hakikai pamoja na alamisho.

Zipo pia alama za kuchuja. Ukianza na nyota * na nafasi, Firefox inatafuta kwenye alamisho tu. Alama ya ^ ni kwa historia, % kwa vichupo vilivyo wazi, + kwa lebo. Na lebo zenyewe zinatatua ule ugomvi wa folda: fomu ya mkopo inaweza kuwa na lebo "mwanafunzi", "serikali" na "malipo" kwa pamoja.

Kuna jambo moja la saiba ambalo makala za Ulaya hazilisemi. Kompyuta inayotumiwa na watu wengi hufutwa historia kila jioni, na ni vizuri iwe hivyo. Vivinjari vyote hujifunza mapendekezo yao mengi kutokana na historia: ukitembelea tovuti mara nyingi, ukiandika herufi mbili tu inatokea. Ukifuta historia, ujuzi huo unaondoka nayo. Alamisho na maneno ya mkato hubaki. Kwa hiyo mwenye kompyuta ya nyumbani anaweza kuishi vizuri bila neno la mkato hata moja, wakati mwenye saiba anaanza kila asubuhi na kivinjari kisichokumbuka kitu.

Firefox pia hujitengenezea nakala za akiba za alamisho na kuzipanga kwa tarehe. Mtu akifuta folda kwa bahati mbaya, unarudisha ya juzi kupitia maktaba. Kwenye Chrome unaweza kubatilisha kosa papo hapo kwa Ctrl+Z ukiwa ndani ya kidhibiti, lakini ukigundua baada ya siku tatu na usawazishaji umeshapeleka ufutaji huo kwenye simu, una kazi.

Udhaifu wa Firefox ni nje ya meza. Simuni ni nzuri lakini watu wachache wanayo, na baadhi ya mifumo ya ofisi imejaribiwa na Chrome tu, hivyo kitufe fulani kinaweza kugoma. Usishangae ukilazimika kuwa na vyote viwili.

Edge siitengei sehemu yake. Imejengwa juu ya msingi uleule wa Chrome, Ctrl+Shift+O inafungua vipendwa vyake, na kama ofisi yenu inatumia akaunti za Microsoft kila mahali basi itumie hiyo. Opera Mini nayo ina mahali pake kwa mwenye simu ndogo na bando la kuhesabu: inabana data, ina vigae vya kupiga haraka kwenye ukurasa wa mwanzo, na inahifadhi kurasa za kusoma bila intaneti. Ila utafutaji wa alamisho si sababu ya kuichagua.

WhatsApp na Telegram: njia ambayo wengi wetu tayari tunaitumia

Tuwe wakweli. Watu wengi hawajawahi kubonyeza ile nyota. Linki ikija, wanajitumia wenyewe WhatsApp, au wanaitupa kwenye grupu lenye mtu mmoja. WhatsApp iliona hivyo, na mwishoni mwa 2022 ikaruhusu rasmi mtu kujitumia ujumbe mwenyewe.

Kama kumbukumbu ya wiki hii, ni njia nzuri. Ukitafuta, WhatsApp ina kichujio cha linki, na kila mazungumzo yana ukurasa unaokusanya media, linki na hati. Lakini ukiituma linki tupu bila neno, baada ya miezi sita unashuka kwenye orodha kama mtu anayetafuta risiti kwenye droo. Tuma linki pamoja na maneno mawili matatu ya maelezo, kwa kuwa maneno hayo ndiyo utakayoyatafuta. Na ukumbuke kwamba mazungumzo ya WhatsApp yanakaa kwenye simu. Ukiibiwa simu na hukuwa na hifadhi rudufu, linki zimeondoka nayo.

Telegram kwa kazi hii ni bora kwa mbali. Ina sehemu ya ujumbe uliohifadhiwa inayokaa kwenye seva zao, hivyo ukiingia kwa namba ileile kwenye simu mpya au kompyuta unakuta kila kitu. Unaweza kuandika #mkopo au #sheria pembeni ya linki, kisha ukagusa neno hilo na kupata zote za aina hiyo. Nawafahamu wanafunzi wanaoendesha utafiti mzima hivyo, kwa simu tu, na sioni sababu ya kuwahamisha.

Tahadhari ni moja, nayo haihusu ubora wa programu. Novemba 2024, wakati wa mitihani ya KCSE ya kumaliza sekondari, mamlaka ya mawasiliano ya Kenya iliagiza Telegram izuiwe ili kudhibiti wizi wa mitihani. Ambaye linki zake zote zilikuwa humo alikwama kwa jambo lisilomhusu. Alamisho za kivinjari zimeandikwa ndani ya kifaa chako. Hata huduma ikizuiwa, orodha bado unaiona.

Kwa kutazama kwa haraka

| | Chrome | Firefox | Telegram | Raindrop (bure) |
|---|---|---|---|---|
| Inatafuta kwenye | jina, anwani | jina, anwani, lebo | maneno uliyoyaandika | jina, maelezo, lebo |
| Njia fupi kwenye kompyuta | @ kisha neno | neno la mkato, Enter | fungua programu, tafuta | kiongezi (extension), tafuta |
| Simuni | nzuri | nzuri | nzuri sana | nzuri |
| Nakala ya kuondoka nayo | faili la HTML | faili la HTML na akiba za tarehe | kupitia programu ya kompyuta | HTML au CSV |
| Inamfaa | mwenye simu na kompyuta | mwenye meza moja na foleni | mwenye simu tu | mwenye mamia ya makala |

Raindrop: linki zikishakuwa maktaba

Watu wa steshenari wana linki arobaini. Mwandishi wa habari, wakili, mtafsiri au mwanafunzi wa uzamili ana elfu mbili, na hapo hesabu inabadilika. Huyu hatafuti tovuti anayoijua. Anatafuta makala aliyoisoma mwaka juzi, ilikuwa na jambo kuhusu bandari ya Bagamoyo, na hakumbuki gazeti lilikuwa lipi. Jina la ukurasa haliwezi kumsaidia kwa sababu neno analolikumbuka lilikuwa katikati ya aya ya nane.

Kwa huyo, kivinjari chochote ni kifinyu, na ninampa Raindrop.io. Ina kiongezi kwa Chrome, Firefox, Edge na Safari, na programu za Android na iPhone, kwa hiyo huna haja ya kivinjari kimoja kila mahali. Toleo la bure halikuwekei kikomo cha linki wala cha vifaa, na lina lebo, maelezo na makusanyo. Unapohifadhi, nakili sentensi moja iliyokugusa uiweke kwenye kisanduku cha maelezo. Sentensi hiyo inatafutika, nawe umepata nusu ya kile wanacholipia wengine.

Toleo la kulipia ndilo linalosoma yaliyomo: unaandika "Bagamoyo bandari mkataba" na inapekua ndani ya kurasa na PDF ulizohifadhi. Linatunza pia nakala ya kudumu ya ukurasa, na linakuonyesha linki zilizokufa na zilizojirudia. Kwa mtu ambaye linki ndizo malighafi ya kazi yake, nadhani linastahili bei. Kwa mwenye linki arobaini ni kutupa pesa, na nitashangaa nikimwona analipia.

Jambo moja dogo la bando: muonekano wa kadi unapakua picha za kila linki. Badili uwe wa orodha au vichwa vya habari tu, nayo inakuwa nyepesi.

Zipo pia programu kama linkding na wallabag ambazo unaziweka kwenye seva yako mwenyewe. Ukiwa fundi na una seva inayokaa hewani, utazipenda. Kama neno seva limekufanya upunguze mwendo wa kusoma, pita.

Huduma hufa, linki pia

Sehemu hii ndiyo inayonifanya nisikubali kumshauri mtu aweke kila kitu kwenye huduma ya nje bila kuwa na nakala. Delicious, iliyoanza 2003 na kununuliwa na Yahoo mwaka 2005, ilikuwa ndiyo mahali pa linki duniani. Mwaka 2017 ilinunuliwa na mshindani wake Pinboard ikabaki ya kusomwa tu. Google ilikuwa na huduma yake ya alamisho mbali na Chrome, ikaifunga Septemba 2021. Omnivore, programu ya kuhifadhi makala za kusoma baadaye, ilifungwa Novemba 2024. Pocket, ya kazi hiyohiyo, iliyoanza 2007 na kununuliwa na Mozilla, watengenezaji wa Firefox, miaka kumi baadaye, ilizimwa tarehe 8 Julai 2025. Hizi hazikuwa huduma za vichochoroni. Waliozitumia hawakuwa wazembe.

Ambacho hakijafa ni faili. Ukitoa nakala ya alamisho kutoka kivinjari chochote unapata faili la HTML, na ukilifungua kwa programu ya maandishi tupu, mstari wa kwanza bado unalitaja Netscape, kivinjari ambacho AOL iliacha kukihudumia mwaka 2008. Chrome, Firefox, Edge, Safari na Raindrop zote zinalielewa faili hilo. Litoe mara moja kwa mwezi, jitumie kwa barua pepe, na hakuna kampuni itakayokushika mateka.

Kufa kwa linki zenyewe ni shida nyingine. Utafiti wa Pew Research Center wa mwaka 2024 ulikuta kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazifikiki tena miaka kumi baadaye. Kwetu huhitaji kusubiri miaka kumi. Tanzania, baraza la elimu ya ufundi NACTE likawa NACTVET na anwani ikabadilika. Kenya, bima ya afya ya NHIF iliipisha SHA Oktoba 2024, na huduma za magari za NTSA zilizokuwa kwenye mfumo wa TIMS zikahamia eCitizen. Chrome na Firefox hazitakuambia kwamba alamisho yako inaelekea kwenye nyumba iliyohamwa; utajua mbele ya mteja. Kwa linki za huduma, basi, pitia orodha mara moja kila baada ya miezi michache ukizifungua zote za folda moja kwa pamoja: bofya kulia kwenye folda, fungua zote, funga zilizo hai, rekebisha zilizogoma. Kwa hukumu, makala na ripoti unazozinukuu, peleka anwani kwenye Wayback Machine ya Internet Archive ili wahifadhi nakala, kisha alamisha nakala hiyo pembeni ya linki asili. Hii ni bure, na kwa wakili au mwandishi naiona ya lazima.

Nani achukue nini

Mwenye steshenari au saiba: Firefox yenye maneno ya mkato, na Chrome pembeni kwa mifumo inayogoma. Mteja akitaka kuingia kwenye akaunti yake ya Google, mfungulie dirisha la faragha au wasifu wa mgeni; asiguse wasifu wenye alamisho zako, maana akiwasha usawazishaji zinachanganyika na zake.

Mfanyakazi wa ofisi mwenye simu na kompyuta: Chrome. Jifunze @ na kubadili majina, huhitaji kingine.

Mwenye simu tu: Telegram kwa makala na mambo ya kujisomea, lakini zile linki chache za benki, kodi na chuo ziweke kwenye skrini ya kwanza kupitia kivinjari. Mambo ya pesa usiyafungue kutoka kwenye ujumbe, hata ule uliojitumia mwenyewe. Mazoea ya kubofya linki za pesa ndani ya soga ndiyo matapeli wanayoyategemea.

Mtafiti, wakili, mwandishi: Raindrop, kwanza ya bure. Ukifika mahali unakumbuka yaliyomo lakini jina la ukurasa limekupotea zaidi ya mara moja kwa wiki, ndipo ulipie.

Ukiamua kuhama, toa faili la HTML kule ulikotoka, liingize unakokwenda, halafu usijaribu kupanga zote. Kazi hiyo huanza Jumamosi asubuhi na haimaliziki. Ziache zote kwenye folda moja iitwayo "Za zamani", na kila unapoitafuta moja na kuipata, hapohapo ibadili jina, ipe neno lake la mkato, ihamishie kwenye folda mpya. Baada ya wiki mbili tatu zile unazozitumia kweli zitakuwa zimehama zote, na zilizobaki kwenye "Za zamani" unaweza kuziacha hapo zilale. Utafutaji bado unazifikia.